Mafuta ya Nazi Yaliyoganda

Sisi tuliokulia Pito kabla bendera ya Mwingereza haijateremshwa tulijua mafuta ya kujipaka ya aina moja tu, ya mbarika. Mama aliyachemsha mwenyewe, yakanuka moshi, na ukijipaka asubuhi, vumbi lote la njia ya mjini linakuganda miguuni. Hatukulalamika. Tulikunywa uji wa ulezi, tukatoka miguu mitupu kwenye baridi ile ile ambayo wajukuu zangu wanaivalia makoti mawili na bado wanatetemeka.

Mimi na mdogo wangu Modesta tulikuwa tukipeleka maziwa kwenye duka la Baniani mmoja mjini. Mkewe tulimwita Mama Jayanti, kwa jina la bintiye. Wenye maduka wengi walikuwa Waislamu. Nyumba hii ndiyo pekee iliyokuwa na sikukuu ya kurushiana unga wa rangi. Mwaka mmoja akatualika, na Modesta alipotangulia nje akanikabidhi mimi chupa ya mafuta ya nazi.

"Pakeni kwanza, wewe na mdogo wako," akasema. "Mwili wote, nyuma ya masikio, nywele mpaka ngozi ya kichwa. Bila mafuta rangi inaingia, haitoki. Yakiganda kwa baridi, weka karibu na moto."

Harufu ile ilinitia wazimu. Siku ya sikukuu niliamka kabla ya Modesta, nikayeyusha kidogo jikoni, nikajipaka mpaka nikawa nateleza. Yaliyobaki niliyataka yawe yangu hadi Pasaka, niende kanisani nang'aa na kunukia. Modesta alipoamka, baridi ilikuwa imeyagandisha tena, meupe kama shahamu. Nikamwonyesha chupa.

"Yameharibika," nikamwambia. "Mimi niliwahi kidogo, haya hayafai tena."

Akatazama, akasikitika, akanifuata na ngozi yake kavu. Alikuwa na miaka minane, na nilichosema mimi kwake kilikuwa kweli.

Tulicheza, jamani! Uani kwa Mama Jayanti hakukuwa na Mfipa wala Mhindi, wote tulikuwa zambarau na wekundu, tukicheka mpaka mbavu zikauma. Wakati wa kurudi tukapitia mtoni kunawa. Rangi yangu iliteremka na maji. Ya Modesta ilibaki. Nilimsugua kwa sabuni ya mche, nikamsugua kwa majivu, mwishowe nikaokota gunzi la mahindi nikamsugua shingo mpaka ikachubuka. Hakulia. Aliuliza tu, "Dada, bado?"

Nyumbani Mama alimchapa yeye. Mimi nilikuwa safi.

Kesho yake Mama Jayanti alipomwona alishika kichwa. Akasema asisuguliwe tena, apakwe mafuta, yakae, kisha afutwe taratibu kwa kitambaa, rangi itatoka. "Yale niliyowapa yapo?" akauliza. Nikajibu yamekwisha. Chupa ilikuwa imelala chini ya gunia la ulezi, haijatumika hata nusu. Aibu ya uongo wa kwanza naweza kuisingizia utoto. Huu wa pili siwezi.

Maana ilikuwa Kwaresima, na Modesta alikuwa anajiandaa kwa komunyo ya kwanza. Gauni jeupe lilikwisha kushonwa. Jumapili ile katekista alipita kwenye mstari wa watoto, akasimama mbele yake.

"Wenzako Kwaresima wanapakwa majivu, wewe umekwenda kupakwa rangi!" akasema, kanisa zima likisikia. "Toka. Mpaka mwakani."

Nilikuwa benchi la pili. Nikatazama vidole vyangu. Pasaka ilipofika nilijipaka mafuta yale, nikanukia kama nilivyotaka, na Modesta akaketi nyuma pamoja na watoto wanaonyonya. Mwaka uliofuata gauni lilikuwa limemfupikia, Mama akaliongezea pindo la kitambaa kingine. Kila mtu aliliona lile pindo.

Leo mjukuu wangu karudi kutoka saluni na nywele nyekundu kama upanga wa jogoo. Amelipa apakwe kile tulichokisugua kwa gunzi! Jumapili anapanga mstari wa komunyo na hakuna anayemgusa. Na akikosea jambo, kabla jua halijazama amekwisha kuliandika kwenye simu, dunia nzima imwone na kumsamehe. Nawacheka watoto hawa. Kusema kweli, nawaonea wivu.

Wananisalimia "mambo", nami nanuna, nawaambia enzi zetu mkubwa alipewa heshima yake. Modesta hajabadilika. Anaishi Mollo, mvi zimemjaa, magoti hayamtii. Mara tatu nimekwenda kwake nimejiapiza kumwambia. Mara tatu ameshika ukuta, akajiinua, akaniinamia: "Shikamoo, dada."

Nami, mzee mzima, naitikia marahaba.