Nilidhani Ninapatanisha

Sifa zote ni za Mola, anayetusitiri hata tunapojiumbua wenyewe.

Hapa Doha, mwenye duka mmoja wa mtaa wa Al Mansoura alikuwa akinichukua kwa gari lake kila Ijumaa baada ya swala, tukazungumze na vijana wa kwetu aliowakopesha. Mimi niliwanasihi kwa aya, wao wakalipa. Njiani alinitilia riyali mfukoni, nami nikashukuru, nikidhani ni hadiya ya mzee mpatanishi.

Majuzi nikasikia Hamisi, mlinzi, mmoja wa wadaiwa hao, ana homa kali. Nikaenda peke yangu hadi chumbani kwao Industrial Area, mtaa wa mabweni ya vibarua, na tende mkononi.

"Hamisi amesafiri," mwenzake akanijibu mlangoni.

Kikohozi kikatoka chini ya kitanda.

"Nimekuja kumjulia hali, mwanangu. Mimi ni mpatanishi tu."

"Mpatanishi, mzee? Tajiri wako ametuambia unapata fungu kwa kila anayelipa. Huyo sisi tunamwita mkusanya madeni, hata akija na tasbihi."

Hamisi akatambaa kutoka uvunguni akitetemeka, akaninyooshea simu yake.

"Chukua hii kwa deni, baba. Hospitali nitaenda nikipata mshahara."

Ewe unayesoma, Mola akuruzuku riziki isiyomtisha mgonjwa. Amina.