Pikipiki Iliyonukia Maandazi

Thobias wa Kasulo alikuwa fundi baiskeli, na angebaki fundi baiskeli mwenye mke na shamba la maharage kama dunia isingeamua kutusaidia. Mwaka ule wakimbizi walipofurika Ngara, nyuma yao walifika watu wa kuwahudumia, na nyuma ya hao yakafika magari meupe, mahema, na vitu ambavyo hakuna aliyejua ni vya nini. Kimojawapo kilikuwa pampu ya maji iliyosafiri kwa ndege kutoka Ulaya. Ilivuta maji siku nne. Siku ya tano ikanyamaza. Akaja mtaalamu, akaitazama, akaandika ripoti. Akaja mtaalamu wa pili, akaisoma ripoti ya kwanza, akaandika ya pili. Ripoti zote mbili zilikubaliana kwamba pampu imeharibika.

Wahudumu walimpa Thobias injini ya pampu hiyo bure, kwa sharti aiondoe uani kwao kabla mgeni mkubwa wa ukaguzi hajafika. Akaifunga kwenye baiskeli, akaisukuma mpaka nyumbani, akaifungua mbele ya mke wake, Adelfina. Haikuwa na pistoni. Aliitafuta pistoni kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea, asiione. Ndani mlikuwa na chumba chenye umbo la ganda la karanga, na katika chumba hicho kipande cha chuma chenye pembe tatu kilichokuwa kinazunguka tu, bila kupanda wala kushuka.

"Hii nitaitengenezea pikipiki," alisema Thobias, kwa sauti ya mtu aliyetokewa na malaika.

"Maharage yanahitaji palizi," alisema Adelfina.

Mazungumzo ya ndoa yao yaliendelea hivyo kwa mwaka mzima.

Msaidizi alimpata kambini: Havyarimana, fundi magari kutoka Burundi, aliyevuka mpaka na mke, watoto watatu na sanduku la spana, na ambaye ukimuuliza alianza kubeba nini, alibadilisha mada. Wawili hao walichomelea mabomba ya maji na fremu za baiskeli mbili. Magurudumu yalitoka kwenye pikipiki ya zamani ya padri. Kiti kilikuwa turubai la msaada lililoshindiliwa majani makavu ya migomba. Tangi lilikuwa debe la mafuta ya kula, lenye maandishi makubwa kwamba haliuzwi, na kama madebe yote ya aina hiyo, walilinunua sokoni. Klachi hawakuweka. Mnyororo ulitoka kwenye injini moja kwa moja hadi gurudumu la nyuma, kwa hiyo anayetaka kusimama ilimbidi azime, na anayetaka kuondoka asukume mbio kisha arukie. Thobias alisema klachi ni anasa.

Kisha ikaja habari ya kulainisha. Havyarimana aligundua kwamba pembe zile tatu huzibwa kwa vipande vyembamba vya chuma, na kwamba vipande hivyo vinahitaji oili iliyochanganywa na petroli. Oili ya namna hiyo haikupatikana Ngara nzima. Mafuta ya kula, kwa upande mwingine, yalikuwa kila kona, maana wakubwa huko ng'ambo walikuwa wameamua kwamba shida yetu kubwa ni kukosa kukaanga. Wakachanganya hayo.

Na injini ikawaka. Ililia kama nyuki wa mzinga mzima, na ilinukia maandazi. Ilipopita karibu na kambi, watu waliokuwa kwenye foleni ya mahindi waligeuza shingo wakidhani mgao umebadilika. Ilikuwa na kasoro moja tu: ikizimwa ikiwa ya moto, mafuta yaligeuka gundi kwa muda wa kumenya ndizi tatu, pembe zikanata, na hapo hata usukume mpaka Biharamulo haiwaki. Kuifungua na kuiosha ilikuwa kazi ya siku nzima. Thobias aliona kasoro hiyo ni ndogo. Hakusimama, basi.

Adelfina aliondoka siku aliyotoka shamba na mboga, akashika debe lake la jikoni, akalikuta kavu. Mafuta yalikuwa kwenye tangi, yakizunguka uwanja wa shule na mumewe juu yake. Alichemsha mboga kwa chumvi, akampakulia, akala zake, akafunga nguo zake kwenye kanga, akaenda kwa wazazi wake Ntobeye. Hakugomba hata neno moja, na hilo ndilo lililomtisha Thobias. Alimpenda mke wake sana. Kosa lake lilikuwa kuamini kwamba mke analijua jambo hilo bila kuambiwa.

Akaenda kuomba radhi na kibuyu cha pombe ya ndizi. Baba mkwe wake, mzee Novatus, alikunywa kwanza, maana pombe haikuwa imemkosea.

"Binti yangu anasema umemwacha kwa ajili ya pikipiki," alisema. "Mimi sijaiona. Njoo nayo Jumapili. Ikiingia uani kwangu kwa nguvu zake yenyewe, utaondoka na mkeo. Isipoingia, ulimwacha kwa ajili ya vyuma chakavu, na yeye anabaki hapa."

Jumapili, baada ya misa, Havyarimana alisukuma, Thobias akarukia, na safari ikaanza. Pale Mbuba, kijiji cha njiani, kila baraza lilikuwa na mzee, na kila mzee alistahili mtu asimame amwamkie. Thobias aliwarushia shikamoo kwa kasi hiyo hiyo, na marahaba zikamfikia nyumba tatu mbele, nyingine hazikumfikia kabisa. Kwa asubuhi moja aliwakosea wazee wengi kuliko ukoo wake wote tangu walipohamia Ngara. Lakini hakuizima.

Ntobeye aliingia kwenye kinjia chembamba cha migombani. Paa la mzee Novatus lilikuwa limeshaonekana. Na katikati ya kinjia, ndoo ya maji kichwani, alikuwa anarudi nyumbani Petronila, mama mkwe wake.

Kwao mama mkwe hapitwi na mtu aliyepanda kitu. Unashuka, unatoka njiani, unaangalia chini mpaka apite. Thobias alikuwa na hatua kama kumi za kufikiri. Akiendelea, anaingia uani injini ikinguruma, sharti limetimia, mke ni wake. Akisimama, amekwisha. Hakuwahi kuichukia adabu kama alivyoichukia siku ile.

Akazima. Akashuka, akajibanza kwenye migomba, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Petronila hakuwa mwanamke wa salamu za mkato. Aliuliza habari za mama yake, za mbuzi, za mvua, za maharage. Thobias alijibu kwamba maharage hayajambo, huku akisikia injini ikipoa nyuma yake, tik, tik, tik. Petronila alipoendelea na njia yake, Thobias aliisukuma mbio mara mbili. Haikuwaka. Akaingia uani akiikokota kwa jasho.

"Nilisikia ikinguruma, kisha nikasikia kimya," alisema mzee Novatus. "Imeingia kwa nguvu zako, si zake."

"Ndiyo, baba."

Adelfina alikuwa mlangoni, mikono kifuani. Sauti ya mama yake ilitoka nyuma ya nyumba, alikokuwa anatua ndoo. "Alinikuta njiani, ndiyo maana akaizima."

Adelfina akamtazama mumewe. "Ulijua haitawaka tena?"

"Nilijua."

"Mwaka mzima nimekuita chakula kimeiva. Nimekuita mvua inaloanisha maharage. Nimekuita naumwa. Hukuizima hata siku moja."

Adelfina akaingia ndani, akatoka na kanga yake imefungwa, akaiweka juu ya kile kiti cha turubai.

"Sharti langu halijatimia," alisema mzee Novatus.

"Hilo lilikuwa lako, baba. Langu limetimia."

Adelfina akashika nyuma, Thobias akashika usukani, wakaisukuma. Pale Mbuba walisimama kila nyumba, wakawaamkia wazee wote mmoja mmoja. Walifika Kasulo Jumanne.