Kisanduku Ambacho Shangazi Hakigusi

Ukimkaribisha Lesieli Fonua nyumbani kwako, usijisumbue kupanga viti. Hataangalia viti wala picha za harusi ukutani. Atakunywa chai yako haraka haraka, kisha atakuuliza, "Samahani, naomba kuona kompyuta yako inafungukia wapi." Udaku wake ni huo tu, na mimi niliyekaa naye meza moja miaka kadhaa katika ofisi yetu hapa Auckland nakuambia hautibiki.

Kazi yetu ilikuwa kurasa za kuanzia. Mtu anafungua mtandao asubuhi, na cha kwanza kumpokea ni ukurasa aliojipangia mwenyewe: habari hapa, barua pepe pale, matokeo ya raga, saa ya mji wa mbali, kila kitu ndani ya kisanduku chake. Lesieli aliwahi kuona ukurasa wa fundi bomba mmoja uliojaa visanduku vya hali ya hewa, na katikati yake kimoja cha mapishi ya keki. Alishinda siku nzima hana raha. "Dada Vaine, hizo keki anamwokea nani?" aliniuliza tena na tena, kana kwamba mimi ndiye mke wa fundi.

Mwaka 2009 watu wakaanza kununua simu za kugusa kioo, nasi tukaambiwa tuzihamishie kurasa hizo. Kwenye kompyuta visanduku hukaa safu tatu, kila kimoja na nafasi yake. Kwenye simu ni safu moja tu, kama foleni ya benki. Nani atangulie? Lesieli akatunga kanuni, na sote tukaisifu: kinachoguswa sana kikae juu, kisichoguswa kabisa kifichwe nyuma ya kitufe cha "Vingine". Watu wakaja kwa shangwe, wakakaa kidogo, wakaanza kutoweka. Bosi wetu, Craig Dunstan, akasema ikifika Jumatatu hatujajua sababu, anaufuta ukurasa wa simu na Lesieli arudi kurekebisha rangi za vitufe. Lesieli hakulia mbele yake. Alikuja kulia kwangu, akanilowesha bega lote.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba kati ya waliotoweka alikuwemo Shangazi Tokilupe, dada mkubwa wa baba yake.

"Si umuulize tu?" nikamwambia.

"Wewe Mrarotonga una wazimu," akasema huku akifuta kamasi. "Nimuulize Shangazi kwa nini ameacha kutumia kitu changu? Afadhali nimkatize mchungaji katikati ya mahubiri."

Kweli, mimi natoka kisiwa kingine. Kwa Watonga, watu wa kina Lesieli, shangazi ana cheo kumpita baba mwenyewe. Mkoba wake huugusi, neno lake hulipingi, na "mbona" humwambii.

Jumamosi tukaenda mtaa wa Māngere, kwenye ukumbi wa kanisa, mtoto wa kaka mdogo wa Shangazi akitimiza mwaka. Sikufichi, nilifuata nguruwe wa kuchoma. Lakini Lesieli alinikamata mlangoni akanifunga aproni, na muda si mrefu nilikuwa jikoni natoka jasho, nikipokezana masinia na wanawake waliokuwa wakigongana viwiko na kutukanana kwa mapenzi. Kule mbele ya ukumbi, juu ya mikeka iliyolaliana, alikaa Shangazi Tokilupe. Hakubeba sahani wala hakukata keki. Alijipepea tu. Kila kizuri kilichoingia ukumbini, mikeka myembamba, nguo za magome ya mti, nguruwe mkubwa kuliko wote, kiliwekwa kwanza miguuni pake.

Lesieli akasimama ghafla na sinia mkononi.

"Dada Vaine, humu ndani nani anashikwashikwa zaidi?"

"Sisi! Angalia mkono wangu ulivyochubuka."

"Na nani amekaa mbele?"

Hakungoja jibu. Alinitwisha sinia lake juu ya langu akaenda zake. Nikamfuata, maana na mimi nina udaku wangu. Nilimkuta ameketi sakafuni kando ya mkeka wa Shangazi, kichwa chini.

"Shangazi, kile kisanduku cha hali ya hewa ya Neiafu, kule kwetu Tonga. Ulikuwa hukigusi kamwe."

"Nikigusie nini, kwani nakipapasa homa?" Shangazi akacheka kwa pua. "Nakisoma, basi. Kikisema jua, najua baba yako yuko shambani kwenye vanila zake. Kikisema mvua, yumo ndani, nampigia."

"Mbona hukuniambia kimepotea?" Neno likamtoka, akajiziba mdomo.

Shangazi aliacha kujipepea. "Nilidhani mmekaa huko ofisini mkaona Neiafu haina maana tena," akasema taratibu. "Nikaona nisikuulize, usije ukalazimika kunijibu."

Lesieli aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

Jumatatu akamweleza Craig: kitu alichokiweka mtu juu kwa mkono wake kibaki juu, kiguswe kisiguswe.

"Lesi, kisichoguswa hakitakiwi," Craig akasema.

"Hiyo picha ya wanao hapo mezani, huwa unaigusa?"

Craig akaitazama picha. Kisha akasema haya, jaribuni. Si wote waliorudi, wengine walikuwa wamechoka nasi tu, lakini waliorudi walitosha, na ukurasa wa simu haukufutwa.

Siku tulipoutoa upya, tulikwenda kwa Shangazi. Lesieli akaufungua ukurasa kwenye simu ya Shangazi, akampa kwa mikono miwili. Neiafu ilikuwa juu kabisa.

"Shangazi, ukitaka kujua ya kesho, gusa hapa."

"Ya kesho siyataki. Mvua leo. Baba yako yumo ndani." Akamrudishia simu. "Mpigie."

Lesieli akasita. Hakuwa amempigia baba yake tangu Krismasi. Kila alipojaribu mchana simu iliita bure, mwisho akaamini mzee hataki kuongea naye, jambo ambalo hata mimi hakuwahi kuniambia. Akabonyeza. Sauti ya simu ile ilikuwa juu kabisa kwa ajili ya masikio ya Shangazi, tukasikia sote.

"Dada!" mzee akapokea kwa furaha. "Nilikuwa nakungoja, mvua kubwa huku."

"Si Dada, Baba. Ni Lesieli."

Kule tukasikia kiti kikivutwa, na mtu akikaa.