Mtoto Niliyemnyamazisha Katwe

Niliondoka Bukoba kwa sababu ya barua ya kunisifu. Ilitoka kwa Madamu Proscovia, mkuu wa chuo kidogo cha walimu wa chekechea jijini Kampala. Alieleza kwamba wanachuo wake wanafanya mazoezi katika madarasa yenye watoto wa kila namna: Waganda, Wakongo waliokimbia vita, Wakenya waliofuatana na wazazi wao makazini, wengine wasiosikia vizuri, wengine wasioweza kutulia. Alitaka mtu wa kuwafundisha kwa siku nne jinsi ya kuwasomesha wote katika chumba kimoja, tena awe mtu mwenye Kiswahili safi, kwa kuwa walimu wake walikuwa wanakiogopa. Mimi nimefundisha walimu wa chekechea kwa miaka kumi na tisa. Niliisoma barua ile mara tatu, na mara ya tatu niliisoma kwa sauti ili mume wangu asikie.

Jumapili, saa moja asubuhi, basi liliondoka Bukoba. Mkobani nilikuwa na kadi za picha nilizozichora mwenyewe, na kabrasha nene la mafunzo. Pale Mutukula, mpakani, afisa wa uhamiaji aliniuliza naenda Kampala kufanya nini. "Kufundisha walimu kufundisha," nilimjibu. Aligonga muhuri bila kuinua uso, nami nikasikitika kidogo kwamba hakuuliza zaidi. Toka hapo hadi Masaka ni migomba na vilima, na baada ya Masaka nililala.

Saa tisa alasiri tuliingia Kampala. Kituoni alinipokea mwanachuo mmoja, binti mwembamba wa miaka ishirini na moja hivi, aliyevaa viatu vya raba na kushika karatasi yenye jina langu.

"Kalibu Kampala, Madamu Koku. Mimi ni Nakato. Safali ilikuwa mzuri?"

"Safari ilikuwa nzuri," nilimsahihisha, nikitabasamu.

"Safari ilikuwa nzuri," alirudia pole pole, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya wasichana wa Kiganda, akachukua begi langu. Niliona nimeanza vizuri. Mimi mwenyewe nimezaliwa katika Kihaya, na Kiswahili changu nilikipata kwa kuchekwa, lakini siku ile jambo hilo halikunijia akilini hata kidogo.

Nilipewa chumba katika hosteli ya chuo, Old Kampala, dirisha likitazama mnara wa msikiti mkubwa na mabati mekundu ya maduka ya zamani ya Wahindi. Chakula cha jioni tulikula pamoja na Madamu Proscovia, mama mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinieleza ratiba: Jumatatu mihadhara, Jumanne nitafundisha somo la mfano katika chekechea moja huko Katwe, mbele ya wanachuo wote. Jumatano tutarudi kule kuwatazama wao wakifundisha, na Alhamisi tutafunga.

Jumatatu ilikwenda kama nilivyotaka. Wanachuo ishirini na wanne waliandika kila nililolisema. Niliwaambia kwamba kila mtoto huja darasani na lugha yake, na kwamba kazi ya mwalimu ni kumjua mtoto kabla ya kumfundisha. Niliyasema hayo kwa kinywa changu, na yapo bado katika madaftari yao.

Jumanne, saa mbili asubuhi, tulishuka Katwe. Mafundi walikuwa wameshaanza kugonga mabati, na kila mlango ulikuwa na sufuria mpya, majiko na madirisha ya chuma yaliyoegemezwa ukutani. Chekechea yenyewe ilikuwa nyuma ya karakana hizo: chumba kimoja kirefu, mikeka, watoto karibu arobaini wenye sweta za kijani. Nikiwa mlangoni napanga kadi zangu, Nakato alinisogelea. Alikuwa amefanya mazoezi katika darasa hilo muhula mzima, na mkononi alikuwa na daftari dogo lililokunjika pembe.

"Madamu, kuna mtoto moja nataka kukuambia habali yake mbele hujaanza."

"Utaniambia baadaye, mama," nilisema. Nilikuwa natafuta kadi ya kuku.

Somo lilianza vizuri. Wanachuo walisimama wamezunguka kuta. Nilionyesha kadi, watoto walitaja, tukapiga makofi. Nilipoinua kadi ya samaki, kabla sijauliza, msichana mmoja aliyekaa nyuma kabisa alisimama. Alikuwa wa miaka mitano labda, kichwa kimenyolewa, sweta imemzidi.

"Iko samaki," alisema kwa sauti ya juu kuliko nilivyotarajia. "Baba alikuwaka anatuletea."

Chumba kilikuwa kimya kwa namna ambayo ningepaswa kuisikia. Wanachuo wawili walikuwa wameshika midomo. Mimi nilidhani wanashangaa kosa.

"Vizuri, lakini hatusemi 'iko samaki'," nilisema. "Tunasema 'huyu ni samaki'. Na hakuna neno 'alikuwaka'. Njoo hapa mbele."

Alikuja. Niliweka mkono begani kwake, nikawageukia watoto wengine. "Je, tunasema alikuwaka?"

"Hapanaaa!"

"Alikuwaka!" mtoto mmoja alipaza sauti, akacheka. Mwingine akadaka, na mara chumba kizima kikawa kinaimba, alikuwaka, alikuwaka, wakipiga makofi kwa mdundo ule ule niliowafundisha mimi dakika kumi nyuma. Baadhi ya wanachuo walicheka. Mimi pia nilicheka. Nilimwinamia yule msichana nikamwambia, "Haya, sasa sema vizuri." Alinitazama, akaingiza ukosi wa sweta mdomoni, akarudi mahali pake bila kuambiwa. Nikaendelea na kadi ya mbuzi.

Nilipomaliza nilipigiwa makofi, Madamu Proscovia naye akipiga. Nakato alikuwa amechuchumaa nyuma kwenye mkeka, kando ya yule mtoto.

Saa saba mchana, tukiwa kwenye benchi nje na sahani za matoke, nilimwita. "Haya, niambie habari zako za asubuhi."

"Sasa ni kama zimeisha, madamu," alisema. Kisha, kwa kuwa nilisisitiza, alifungua daftari lake mapajani pangu.

Msichana yule aliitwa Mapendo. Alikuja na mama yake kutoka upande wa Uvira, Kongo, baba yake hawajui yuko wapi. Tangu aandikishwe hakuwahi kusema neno darasani. Kila siku Nakato alikuwa ameandika mstari mmoja. Leo ameangalia kitabu. Leo amenishika kidole. Leo ametikisa kichwa. Leo amemnong'oneza mwanasesere, sikusikia neno. Katika kurasa za mwisho kulikuwa na maneno ya Kiswahili cha Kongo aliyofundishwa na jirani yake, ameyapanga kama msamiati wa mtihani, na moja lilikuwa alikuwaka.

"Leo ndio mara ya kwanza amesema," Nakato alisema. "Nilikuwa nataka kukuambia akisema, tumuache tu aseme."

Sikuweza kumaliza matoke. Nilimwambia watoto husahau haraka. Alijibu, "Ndiyo, madamu," kwa adabu ile ile ya kituoni.

Jumatano asubuhi Mapendo alikuja, akakaa ameupa ukuta uso. Nakato alipokwenda kukaa karibu naye, mtoto alisogea mbali, kwa sababu mimi nilikuwa nyuma ya Nakato na kadi mkononi. Nilikuwa nimekuja kutengeneza nilichoharibu. Niliweka kadi ya samaki chini, mbele yake. Aliigeuza uso chini.

Saa saba na nusu wazazi walikuja kuchukua watoto. Mama Mapendo alifika na kitambaa cha kushona kikiwa bado begani, mwanamke mrefu mwenye macho ya kuchoka. Hakumchukua mtoto kwanza. Alikuja moja kwa moja pale tulipokuwa, Nakato na mimi.

"Bamwalimu, jana mutoto alirudi akakataa kula. Usiku alikojoa ku kitanda, na ile ilikuwa imekwisha. Juu ya nini? Kitu gani ilimupata huku?"

Hapo ndipo pa kueleza, na ndipo ninapoona haya zaidi kuliko pale kwenye kadi. Mimi ndiye niliyekuwa na Kiswahili safi, mkubwa kwa umri na mgeni wa heshima. Nilikuwa na maneno yote. Nilifungua mdomo, nikatazama wanachuo waliokuwa wanapita, nikaufunga.

"Ni sisi, mama," Nakato alisema. "Mutoto alisema, tukamucheka. Unisamehe sana."

Mama Mapendo alimgeukia. "Wewe? Wewe mwenye mutoto anataja kila siku ku nyumba?"

Nakato aliinamisha kichwa. Yule mama alimshika mtoto mkono, wakaenda, bila kuaga. Niliwatazama mpaka wakapinda kwenye karakana ya majiko. Kisha nilimwambia Nakato, "Asante." Najua neno hilo lilivyosikika. Alikwenda kukunja mikeka.

Alhamisi, somo langu la kufunga lilikuwa juu ya namna ya kusahihisha makosa ya mtoto mdogo. Kurasa zilikuwa tayari. Nilisimama mbele ya wanachuo ishirini na wanne, Madamu Proscovia amekaa mlangoni, nikasema kwamba kabla ya lolote nina jambo. Nilieleza niliyoyafanya Jumanne, na jinsi nilivyokataa kusikiliza pale mlangoni. Nikaeleza ya Jumatano, kwamba mwenzao alibeba kosa langu mbele ya mzazi nami nikamwacha alibebe. Hakuna aliyenisaidia, na ilikuwa haki yao.

Mwanachuo mmoja wa Kikenya, kijana anayeitwa Otieno, aliinua mkono. "Sasa, mwalimu, ulikuwa ufanye nini? Si kosa lazima lisahihishwe?"

"Sijui kwa uhakika," nilisema. "Muulizeni Nakato. Mimi nitakaa."

Nakato hakutaka. Madamu Proscovia alimwambia kitu kwa Kiganda, akaenda mbele. Alizungumza kwa nusu saa, akichanganya lugha tatu. Alisema yeye angejibu tu, "Baba alikuwa anawaletea samaki! Wakubwa ama wadogo?" ili mtoto asikie neno zuri bila kusimamishwa kwa ajili yake. Alisema mtoto mwingine asiyesikia vizuri humkalisha upande wa dirisha, kwa sababu upande wa pili nyundo za mafundi zinameza sauti. Alieleza jinsi anavyosubiri: akiuliza swali, anahesabu vidole vyake vyote moyoni kabla ya kuongeza neno. Hakuna aliyecheka namna alivyotamka. Mimi niliandika kila alilolisema, kama mwanafunzi aliyechelewa.

Saa kumi alasiri nilimwomba anipeleke kwa Mama Mapendo. Tulimkuta kibarazani, cherehani mbele yake, Mapendo amekaa chini ya meza akipanga vipande vya vitenge. Nilisalimia, nikasema niliyokuja kusema bila kuzunguka: kwamba si Nakato, ni mimi.

Mama Mapendo alisimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Ulikuwa pale jana."

"Nilikuwepo."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza, mama."

Aliangalia chini ya meza, kisha akanirudia. "Mutoto wangu ananyamaza juu ya vitu aliona njiani. Weye ulinyamaza juu ya nini?"

Nikasema, "Niliogopa kuonekana nimekosea." Alitikisa kichwa kidogo, si kwa kunisamehe, ila kama mtu aliyepata bei aliyoitegemea, akamgeukia Nakato. "Weye, ingia ndani, kuko chai." Mimi hakunialika. Nilisubiri barabarani, karibu na fundi aliyekuwa anachomelea geti, nikitazama pembeni ili cheche zisiniumize macho.

Ijumaa nilirudi Bukoba. Safari nzima sikulala, na mpakani hakuna aliyeniuliza kitu.

Jumatatu chuoni kwetu mkuu alinipa nakala ya barua ya shukrani kutoka Kampala, akataka niisome mbele ya walimu wenzangu. Madamu Proscovia alikuwa ameandika kwa ukarimu kwamba wanachuo wake wamejifunza mengi. Niliisoma, halafu nikawaambia walijifunza kutoka kwa nani na kwa gharama ya nani. Wenzangu walinihurumia. Mmoja alisema najitesa bure, mtoto wa miaka mitano ataongea tu. Mwingine alicheka lile neno, alikuwaka, akalirudia, na nikaona jinsi linavyochekesha chumba cha watu wazima pia. Toka siku hiyo nimeanza kukumbuka nyuso: wanachuo wa Kihaya, wa Kisukuma, wa Kiha, niliowasimamisha katikati ya sentensi kwa miaka kumi na tisa, nikaandika katika ripoti zao kwamba ni wazito wa kuzungumza.

Wiki sita baadaye Nakato alinitumia ujumbe kwenye simu. Mapendo bado hajasema darasani. Lakini siku ile, saa ya mapumziko, Nakato alikuwa anapita karibu na bomba la maji, akamsikia mtoto akimwelekeza mwenzake namna ya kushika kikombe, kwa maneno mengi, kwa lugha yake. Alitamani kusimama. Alitamani kukimbia akamkumbatie. Hakufanya lolote. Alipita zake na ndoo bila kugeuza shingo, ili mtoto asijue kwamba amesikiwa.

Mimi ningegeuka. Najijua: ningesimama pale bombani na tabasamu langu, ningemwita kwa jina, na kabla hajamaliza sentensi ningekuwa nimeshasikia kosa.