Faili la Beberu wa Bi Azza

Saud bin Nasser alizaliwa Vuga, Unguja, akaletwa Mudhaibi, Omani, na baba yake akiwa na miaka kumi na saba, na Kiarabu chake kikabaki kile cha chuoni: cha kusomea Kurani, si cha kuandikia barua. Hata hivyo alipata uaskari katika ofisi ndogo ya Naibu Wali, yaani msaidizi wa mkuu wa wilaya, akashika bunduki miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo alifyatua risasi moja tu. Hiyo moja ilimwua Tajiri, beberu wa jirani yake Bi Azza.

Siku hizi amestaafu, na kazi yake ni kufuatilia habari za dunia. Asubuhi moja luninga ilikuwa inazungumzia waendesha mashtaka wa serikali kuu ya Marekani: je, wazifungue upya kesi za watu waliouawa kwa risasi za polisi, ambazo uchunguzi wake umeshafungwa? Saud hakusubiri mtangazaji amalize. Mjukuu wake Alya, anayesomea sheria, na Bi Azza, aliyekuja na sahani ya vitumbua, wakaelezwa kwa kirefu kwamba kilichofungwa kimefungwa. Askari naye ni mtu. Atalala vipi akijua kila mwaka atatokea wa kumfunulia makaratasi?

Bi Azza akaweka sahani chini.

"Na faili langu lilifungwa hivyo hivyo," akasema. "La Tajiri."

Saud akamwomba asichanganye mambo. Kule wamekufa watu, wana wa watu. Hapa kafa beberu.

"Ndiyo nasema mimi. Ikiwa beberu tu mmeshindwa kumsemea kweli, huko kwa mtu itakuwaje?"

Alya akauliza nani aliyechunguza. Saud akasema alichunguza Khalaf. Alya akauliza Khalaf yupi, ndugu yake bibi? Saud akajibu kwamba ofisi ilikuwa na askari wawili tu, sasa alitaka achunguzwe na nani, na Tajiri? Na ili kuimaliza habari hiyo, akaenda chumbani mwenyewe akarudi na ripoti, imo ndani ya plastiki pamoja na vyeti vyake vya kazi. Ina mhuri, ina sahihi ya Saud mwenyewe. Hakuwahi kuisoma, kwa sababu ilikuwa ya Kiarabu.

Alya akaisoma na kuwafasiria. Askari alishambuliwa ghafla, uso kwa uso, na mnyama mkubwa mwenye pembe. Akatoa onyo mara mbili. Mnyama akakataa kutii. Alya akageuza ukurasa.

"Babu, hapa inasema risasi imeingia juu ya mkia."

Saud akakaa chini. Miaka yote amekuwa akihadithia harusini kwamba alidhani ni chui, na kila harusi chui alizidi urefu. Sasa ilimjia alfajiri ile kama ilivyokuwa: amesinzia juu ya kiti zamuni, midimu mbele yake ikatikisika, bunduki ikalia, kisha ndipo akauliza nani. Akawaambia hivyo hivyo, huku anatazama vitumbua.

Bi Azza hakucheka. Alisema hakutaka beberu mwingine, wala hajapata kumtaka. Kilichomkaa rohoni ni kwamba Khalaf alisimama mbele ya watu akatangaza kuwa Tajiri alikuwa mkorofi, na tangu siku hiyo wanawake wa sokoni wakamwita yeye mama wa jambazi.

Khalaf alipopigiwa simu alisema faili limefungwa, akakata, na kwa wiki mbili hakuja kula chakula cha mchana cha Ijumaa. Alya akaandika maelezo mapya, na safari hii alimsomea babu yake kwa Kiswahili mara mbili kabla hajatia sahihi.

Alhamisi Saud akavaa kanzu mpya akaenda na Alya kwa Bi Azza, ambako wanawake kumi na mmoja walikuwa wakimngoja na kahawa. Akayasema yote, amesimama. Alidhani yatakwishia hapo. Mmoja akamwuliza alikuwa hatua ngapi kutoka midimuni. Mwingine akataka kujua tochi ilikuwa wapi. Wa tatu, mwenye duka la majora ya vitambaa, akamwuliza polepole tu kama chui wa Mudhaibi hulia mee. Kanzu ilimganda mgongoni kwa jasho. Mwisho Bi Azza akammiminia kahawa kwa mkono wake, akawaambia wenzake wamsikie vizuri: Tajiri hakumshambulia mtu.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Alya akamwuliza sasa anaonaje, Wamarekani wafungue au wasifungue.

"Wafungue," akasema Saud. "Lakini huyo askari wampe kiti kwanza. Magoti hulegea."