Baruti Katika Chumba cha Mama

Chumba kile nilikichagua mimi. Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa nasomesha skuli ya wasichana Ibra, Oman, na mimi na mume wangu tukajaaliwa kujenga nyumba yetu ya matofali ya saruji, tukatoka kwenye nyumba ya udongo ya ukoo wake. Nilimwambia fundi chumba cha kando ya jiko kisiwe na kizingiti, maana atakayekaa humo magoti yanamuuma, na dirisha liwe chini, apate kuona mitende hata akiwa amelala. Atakayekaa humo alikuwa mama yangu.

Mama alikuwa Dar es Salaam kwa dada yake. Alikimbilia huko baada ya mapinduzi ya Unguja, na mimi nilihangaika miaka mingi kumtafutia ruhusa ya kuja. Ruhusa ilipotoka nilikipaka chumba chokaa, nikashona mapazia, nikanunua kitanda. Mume wangu aliyaona yote hayo. Yeye ndiye aliyekibeba kile kitanda kutoka kwenye gari.

Siku moja narudi kutoka skuli mchana, jua limesimama utosini, nikasikia nyundo. Kitanda cha mama kilikuwa uani, kimeegemezwa ukutani kwa ubavu. Ndani, shemegi yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuwa anakaza jiliwa, chuma cha kubania vitu, kwenye meza nzito ya mbao. Juu ya meza palikuwa na chombo cha chuma chenye mkono mrefu wa kushindilia, mizani ndogo kama ya sonara, na kalibu za kumiminia vichwa vya risasi. Chini ya dirisha, pale nilipotaka mama atandike msala wake wa kusalia, alikuwa amepanga makopo ya maziwa ya unga yaliyojaa baruti.

Ibra nzima ilimjua shemegi kwa kazi hiyo. Siku zile arusi na Idi wanaume walicheza na bunduki za kizee wakipiga hewani, na risasi mpya za bunduki hizo zilikuwa adimu. Basi yeye aliokota maganda yaliyokwishapigwa, akayasafisha, akayatia fataki na baruti, akayafunga upya. Aliipenda kazi hiyo kama watu wengine wanavyopenda kufuga njiwa.

"Shemegi, unafanya nini?" nikamuuliza.

"Naweka karakana," akasema bila kugeuka. Kiswahili chake kilikuwa safi. Ujanani alikuwa na duka Pemba, akarudi Oman kabla ya mapinduzi. "Kwangu wajukuu wamezidi, wanachezea vitu. Bibi yao kanambia nivitoe, ati si salama. Hapa pazuri, pakavu, upepo haupapati."

Nilimtazama nione kama anajisikia anachosema. Hakujisikia. Kwangu pia palikuwa na watoto, na mdogo alikuwa bado anatambaa.

"Chumba hiki cha mama yangu."

"Ndugu yangu kanipa."

Nilimngoja huyo ndugu yake mpaka tukakaa kula. Nikamuuliza kwa upole wa mtu aliyekwishakasirika mpaka mwisho.

"Ni kaka yangu," akasema. "Ningemwambiaje la?"

"Ungemwambia chumba kina mwenyewe."

"Mwenyewe hajafika. Akifika atalala na watoto. Mama yako hana makuu."

"Kwa kuwa hana makuu ndiyo awekwe popote?"

Akanawa mikono, akaenda kulala usingizi wake wa mchana. Nilibaki na masahani.

Lazima niseme hapa jambo ambalo mume wangu alilijua, na kaka yake alilijua. Mwaka wa mapinduzi watu wenye bunduki walikuja kwetu Unguja wakamtoa baba yangu nje. Mama alikuwa chini ya kitanda na mdogo wangu, kamziba mdomo kwa kiganja asilie. Baba hatukumwona tena. Tangu siku hiyo mama yangu hata mlango ukijipiga kwa upepo alishika kifua.

Alifika wakati wa baridi, kakonda, na mzigo wake ni kanga na mwiko mmoja wa mpingo. Nilimzungusha nyumba nzima nikitumai mlango ule utakuwa umefungwa. Ulikuwa wazi. Shemegi alikuwa anavuta ule mkono wa chuma, na maganda ya shaba yamepangwa safu safu mbele yake, yanang'ara.

"Shikamoo mama," akasema. "Karibu Oman."

"Marahaba," mama akajibu. Alishika mwimo wa mlango. "Hivi vinafanya kazi?"

"Vya arusi tu, mama. Vya furaha."

"Aa," mama akasema.

Akalala na watoto, godoro chini, na magoti yake yale. Kila Alkhamisi jioni shemegi alikwenda nyuma ya ukuta wetu kujaribu risasi moja moja. Mama aliweka chini chochote alichoshika, akakaa sakafuni, akafumba macho mpaka kimya kirudi. Nilimwendea shemegi nikamwomba aende mbali, maana uwanda wote ule mpaka mji wa Sinaw ni mtupu.

"Atazoea," akanambia.

Nilimwambia mume wangu. Naye akasema atazoea. Nililichukia neno lile, na mpaka leo mtu akilisema mbele yangu nabadilika uso.

Mama hakuwa mtu wa kukaa bure. Asubuhi moja, mimi niko skuli, alifagia nyumba yote. Mlango wa karakana shemegi aliuacha wazi kama kawaida yake, na sakafu yake ilikuwa chafu, basi mama akaingia akaifagia na hiyo. Kwake ile ilikuwa taka, vumbi na chembe nyeusi. Alikuwa amebandika kunde kwenye seredani, akainama akazitia taka kwenye makaa, kama alivyofanya maisha yake yote.

Jirani alitumwa kuja kuniita. Nilipofika, mama alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jiko, mkono wa kulia umeungua kiganja mpaka karibu na kiwiko, nyusi hana, kanga ina matobo. Na maneno aliyoyasema aliponiona ni haya: "Mwanangu, nisamehe, nimeziunguza kunde."

Tulimpeleka hospitali akafungwa dawa. Tuliporudi, shemegi alikuwa amesimama uani na mume wangu. Nilidhani amekuja kuomba radhi.

"Sasa nani kamwambia afagie mle?" akauliza. Hakuniuliza mimi wala mama. Alimuuliza mume wangu, na mume wangu akatazama chini.

Kesho yake wazee kadhaa wa mtaa walikuwa wanakuja kwetu baada ya sala ya alasiri kuzungumza habari za arusi moja ya mtaani. Nilimwita jirani yangu. Tulizima kila moto nyumbani, hata makaa ya kahawa tukayamwagia maji. Kisha tukaibeba ile meza, mimi huku na yeye kule, tukaipitisha uani mpaka majlis, chumba cha wageni wanaume, tukaiweka katikati ya zulia jekundu la wageni. Makopo ya baruti niliyabeba mwenyewe, taratibu kama mtu anayebeba mtoto mchanga, nikayapanga baina ya mito. Maganda nikayaweka pale panapokaa sinia la halua.

Wageni walipoingia, shemegi akiwa mbele yao, nilikuwa nimesimama mlangoni na buibui langu. Mwanamke hakuwa na kazi pale. Nilisema kwa Kiswahili, kisha kwa Kiarabu changu cha kuvunjika, asibaki mtu ambaye hakufahamu.

"Karibuni. Leo hakuna kahawa, moto haufai humu. Hii ni karakana ya risasi. Ilikuwa katika chumba cha mama yangu, na jana imemuunguza. Kwa kuwa wenyewe wanasema haina madhara, nimeona niiweke mahali pa heshima."

Mzee mmoja alitazama makopo, akatazama mito, akasema la hawla, akageuka kutafuta viatu vyake. Wengine wakamfuata.

"Umetuvunjia heshima," shemegi akanambia. Uso wake ulikuwa mweupe.

"Nenda kamtazame mama mkono," nikamwambia. Hakwenda.

Asubuhi yake alikuja na gari akapakia vitu vyote, akavipeleka kwenye shamba lake la mitende, akajenga kibanda cha matofali. Huko aliendelea mpaka macho yake yalipodhoofu. Kumbe nafasi ilikuwapo siku zote.

Nilikiosha kile chumba kwa ndoo na ndoo, na mama amesimama nje, mkono umefungwa, ananambia, "Mwaga tena." Aliingia siku ya pili yake. Aliishi humo mpaka alipofariki katika miaka ya themanini, na vidole vya mkono ule havikunyooka sawasawa tena.

Mume wangu alininunia muda mrefu, kisha kisa kikawa mzaha wake. Aliwasimulia wageni namna mkewe alivyotega baruti majlis, wakacheka, na mimi nikawasikia kutoka jikoni. Kwa mama yangu hakusema hata mara moja neno samahani.

Siku ya matanga ya mama nilikuwa nyuma ya pazia na wanawake wenzangu. Nikamsikia mume wangu akiwaambia waliokuja kutupa pole, "Alikuwa mvumilivu sana, mama yule. Hakuwahi kulalamika."

Wakamwitikia kwamba ni kweli. Mwanamke aliyekaa karibu yangu alidhani nalia kwa msiba, akanishika bega.