Daktari wa Benchi la Myamba

Kila Jumapili, ibada ikishaisha kule Myamba, Eliwaza huweka simu juu ya kinu alichokipindua barazani, akafungua spika, na majirani wakajipanga kwenye benchi kusubiri zamu. Hawaji kusalimia. Wanakuja na miguu yao, migongo yao na matumbo yao, maana mwanawe Eliamini yuko Harbin, kaskazini mwa China, anasomea udaktari.

Daktari mwenyewe saa hizo huwa bwenini anaanika soksi kwenye bomba la joto. Udaktari aliufuata kweli, ila haukumsubiri. Sharti lilikuwa mwaka mmoja wa Kichina, kisha mtihani. Eliamini, aliyeongoza kidato cha sita shuleni kwao, aliufanya mtihani mara mbili, na mara mbili mtihani ukamfanya yeye. Chuo hakikumfukuza. Kilimhamishia kozi ya usimamizi wa maghala, na Kichina akakianza upya, darasa moja na wageni waliofika juzi.

Asubuhi lango la chuo lilisoma uso wake, na siku nyingine likamkataa mpaka avue kofia, nje nyuzi ishirini chini ya sifuri, masikio yanawaka kama yamechapwa. Kantini alionyesha picha kwa kidole, akaletewa kitu ambacho hakijawahi kukutana na ile picha. Mwalimu alimpa jina la Kichina, akiitwa hageuki. Hamu ya makande ilipomzidi aliloweka maharage kwenye beseni la kufulia, na msimamizi wa bweni akaja kuchukua jiko lake la umeme kabla hayajaiva.

Nyumbani hakusema lolote kati ya hayo. Alisema anaendelea vizuri, sentensi ambayo hakuna mtu amewahi kuifeli.

Mwezi wa pili, baba yake mdogo Simeoni, mkulima wa tangawizi, alisogea kwenye simu. Alikuwa amejikata kidole cha mguu kwa jembe na kidonda hakikauki. Halafu ana kiu ya ajabu, anamaliza mtungi peke yake. Eliamini alikohoa kidogo, kikohozi cha kidaktari, akamwambia aoshe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, asubuhi na jioni. Benchi zima likaguna kwa kuridhika. Na tuseme ukweli, siku hiyo Eliamini alikula akashiba.

Baada ya wiki sita mama yake, Eliwaza, aligeuza kamera. Kidole kilikuwa cheusi, na weusi umeanza kupanda. Simeoni anatabasamu. Alieleza kwamba tabibu wa zahanati alishamwambia zamani ateremke hospitali Same, naye akamjibu kwamba ana daktari wake, tena wa China.

Eliamini akasema aende hospitali leo hii. Simeoni akasema hapana haja, ataongeza chumvi. Benchi likamuunga mkono: ateremke milima yote hiyo kwenda kutazamwa na mtu aliyesomea hapahapa?

"Baba mdogo, nisikilize," Eliamini akasema. "Mimi si daktari. Sisomi udaktari. Nasomea maghala."

Kisha mtu mmoja kwenye benchi akauliza maghala ni ugonjwa wa wapi.

"Maghala ya kuwekea mizigo. Nilifeli Kichina. Mpelekeni leo, nawaomba."

Simeoni hakukasirika, na hilo ndilo lililommaliza kijana. Aliinamia simu mpaka uso wake ukajaa kioo chote.

"Sasa mwanangu, ile chumvi uliisomea wapi?"

Eliwaza akazima spika. Halafu akazima simu.

Walimteremsha jioni ileile kwa gari la kukodi. Sukari ilikuwa imempanda vibaya, na Jumanne wakamkata mguu chini ya goti. Eliamini alizipata habari kwenye kundi la ukoo, zimebanwa kati ya kadi ya harusi na mistari ya Biblia. Hakuna aliyemtaja, hata kwa tusi. Aliandika pole, akaifuta. Akaiandika tena, akaifuta tena.

Jumatano darasani mwalimu aliuliza kila mmoja alifanya nini mwisho wa wiki. Zamu yake ilipofika akajibu, kwa Kichina, kwamba aliongea na watu wa nyumbani. Mwalimu akapiga makofi. Leo matamshi yamenyooka, akasema, na akawaagiza wengine wote wairudie sentensi hiyo kama alivyoisema yeye.